Watu Mashuhuri wa Malindi na Ng'ambo ya Sabaki

Mgeni afikapo Malindi, jambo la kwanza aonyeshwalo ni nguzo nyeupe iliyosimama juu ya jabali kando ya bahari, yenye msalaba wa jiwe juu yake. Huambiwa kuwa hiyo ni nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika na merikebu zake mwaka 1498. Mgeni huitazama, hupigwa picha, kisha hurudi mjini akiamini kwamba amekwisha kuiona historia ya Malindi.

Lakini Vasco da Gama hakuwa mtu wa Malindi. Alitia nanga jioni ya kuamkia Pasaka, na tarehe 24 Aprili akatweka tanga kwenda Bara Hindi. Siku zake zote hapo hazikupita kumi. Aliporudi mwezi wa Januari 1499 alikaa siku tano tu, na ndipo alipomwomba Sheikh wa mji ruhusa ya kusimamisha nguzo kuwa alama ya urafiki. Basi ni haki kuuliza wenyewe wa mahali hapa walikuwa nani. Pwani hii, tangu mjini Malindi hata kuvuka mto Sabaki na kufika Mambrui, Gongoni, Ngomeni, na bara kidogo Magarini na Marafa, ilikuwa na watu wake kabla ya Wareno na baada yao. Wengine majina yao yamehifadhiwa. Wengine zimebaki kazi zao tu, nao hawastahili kusahauliwa kwa sababu hiyo.

Wajumbe waliopeleka twiga

Malindi ilijulikana mbali tangu zamani sana. Al-Idrisi, mwanachuoni aliyeandika kitabu chake cha jiografia katika kisiwa cha Sisilia karne ya 12, aliitaja kuwa mji wa wawindaji na wachimbaji wa chuma. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking, walichimba katika mji wa Mambrui, maili chache kaskazini ya Sabaki, wakakuta mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Mwaka 2010 ilipatikana huko sarafu ndogo ya shaba yenye tundu la mraba katikati, iliyotolewa wakati wa Yongle, Mfalme wa China aliyetawala toka mwaka 1402 hata 1424. Kwa ajili ya mambo hayo wako wataalamu wanaofikiri kwamba huenda Malindi ya kale ilikuwa Mambrui. Wengine hawakubali, na wazee wa miji hiyo miwili hapana shaka wataendelea kushindana juu ya jambo hili kwa muda mrefu ujao. Iwe iwavyo, atembeleaye Mambrui ataonyeshwa kaburi la kale la mnara, lililopambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China, na kwa kulitazama tu atafahamu kuwa waliozikwa pale hawakuwa watu wanyonge.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika baraza la Mfalme Yongle wakiwa na zawadi ya twiga. Wachina walikuwa na hadithi za mnyama wa baraka aitwaye kilini, ambaye huonekana duniani tu wakati mfalme mwema anapotawala. Walipomwona twiga, mrefu, mpole, mwenye mabaka, walisema huyu ndiye, na Mfalme mwenyewe alitoka hata kwenye lango la jumba lake kumpokea. Majina ya wajumbe wale hayakuandikwa. Lakini msomaji na afikiri ni kazi gani kumtoa twiga nyikani, kumleta pwani, kumpandisha chomboni, na kumlisha majani mabichi muda wa miezi akivuka bahari kubwa! Wavuvi na manahodha wa pwani wasingeweza peke yao. Ilihitajika mikono ya wawindaji wa bara waliomjua mnyama yule, alapo na anywapo. Mwaka 1417 jemadari wa bahari Zheng He alianza safari iliyowarudisha wajumbe wa nchi nyingi makwao, na katika safari hiyo merikebu za China ziliifikia pwani ya Afrika.

Rubani na machungwa

Katika watu wote wa Malindi wa siku zile, anayetajwa mara nyingi zaidi ni rubani aliyewaongoza Wareno kwenda Bara Hindi. Vitabu vingi vimesema kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu na mtunzi wa mashairi ya ubaharia. Jambo hili lilitoka kwa mwandishi mmoja wa Makka wa karne ya 16, na wataalamu wa leo hawalikubali. Waandishi wa Kireno wenyewe walimwita Malemo Cana, nao walisema ni Mwislamu wa Gujarati. Msomaji wa Kiswahili ataona upesi kwamba "malemo" ni neno malimu, yaani mwelekezi wa chombo baharini, na ya pili yafikiriwa kuwa ni neno la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo Wareno waliandika cheo chake wakidhani ndilo jina lake. Kazi yake haina shaka: alizitoa merikebu Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akazifikisha Calicut tarehe 20 Mei, kwa kuwa alijua pepo za kusi zilikuwa zinaanza.

Waliorudi bila malimu kama yule, tena katika majira yasiyofaa, walipata taabu. Wareno walitumia karibu miezi mitatu baharini kuvuka tena, na ugonjwa wa kiseyeye uliwashika hata fizi zao zikavimba na watu wapatao thelathini wakafa. Walipofika Malindi Januari 1499, kitu ambacho wagonjwa walikitamani kuliko vyote kilikuwa machungwa. Sheikh akawapelekea, pamoja na kuku na mayai. Leo yajulikana kwamba kiseyeye huletwa na ukosefu wa matunda na mboga mbichi, na kwamba chungwa ni dawa yake. Wareno waliandika sifa za Sheikh, nazo ni haki yake; mwenye shamba la michungwa hakuandikwa popote.

Urafiki ule haukuwafaa sana watu wa Malindi mwishowe. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, walimchukua Sheikh wa Malindi wakamfanya mtawala wa Mombasa, na mji alioucha ukaanza kufifia. Mwanawe, Hasan bin Ahmad, alikosana na Wareno akauawa mwaka 1614. Mtoto wake Hasan, Yusuf, alipelekwa Goa akalelewa na mapadre, akabatizwa Jerónimo. Aliporudishwa Mombasa kutawala, hakuvumilia dharau za gavana wa Ngome, na mwezi wa Agosti 1631 alimwua na kuiteka Ngome yenyewe. Huyo alikuwa wa ukoo wa Malindi. Nyuma yake, mji wa babu zake uliachwa, majumba yakaanguka, na msitu ukaota ndani ya misikiti.

Mashamba ya Liwali

Mwaka 1861 Seyyid Majid wa Unguja aliamua kuifufua Malindi. Alipeleka askari na watu wa kulima, na kwa muda usiofika miaka ishirini ardhi ya Malindi na Mambrui ilikuwa inatoa mtama na ufuta kwa wingi hata majahazi yalikuja kupakia kwenda Arabuni. Mtu mkubwa wa siku hizo alikuwa Liwali Salim bin Khalfan Al-Busaidi, mwenye mashamba makubwa kupita karibu wote, ambaye baadaye alihamishiwa Mombasa kuwa Liwali wa huko. Mwanawe, Sir Ali bin Salim, alirithi uliwali wa Mombasa na akawa mjumbe wa Waarabu katika Baraza la Kutunga Sheria. Watu wa Mombasa wanawakumbuka kwa wema wao, hasa kwa ardhi na fedha walizotoa kwa ajili ya mambo ya watu wote.

Lakini utajiri huu una upande wa pili ambao haufai kufichwa. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, maelfu yao, waliotekwa Nyasa na kwingineko. Kila mmoja alipewa kipande cha kulima na kupalilia, na msimamizi akamtazama. Wengi walitoroka. Waliitwa watoro, wakajenga vijiji vyao wenyewe porini, kama vile Fuladoyo na vingine kando ya Sabaki, wakalima na kujilinda kwa mishale na bunduki. Ukitaka kuwataja watu mashuhuri wa pwani hii na kuwaacha watoro, hesabu haitimii.

Utumwa ulipoondolewa kwa sheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba yalikosa mikono. Mwaka uliotangulia huo kidogo na ule uliofuata, wageni wa Kizungu nao walianza kutafuta ardhi ya kupanda mpira na pamba, Magarini ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye shamba katika ukanda wa maili kumi toka baharini alete dai lake liandikwe. Waliokuwa na nyaraka walileta. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa mali ya ukoo na haikuandikwa katika karatasi, hawakuwa na cha kuleta. Hapa ndipo mzizi wa neno "maskwota" lisikikalo mpaka leo katika Pwani.

Mama Mekatilili

Wakati huo wote Wagiriama walikuwa wanasogea kaskazini. Toka miaka ya 1890 walivuka Sabaki wakafyeka msitu, na ardhi mpya ikawapa mahindi mengi, waliyoyauza kwa wafanyabiashara wa Malindi na Mambrui. Mtu aliyekuwa na ghala lililojaa hakuona sababu ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mwingine. Serikali ya Kiingereza iliona vingine: ilitaka kodi ya nyumba, ilitaka vijana wa kazi kwa mashamba na bandari, na mwishowe ilitaka Wagiriama wahame ng'ambo ya Sabaki warudi kusini. Mwaka 1912 afisa aitwaye Arthur Champion alipelekwa kuwasimamia.

Aliyesimama kumpinga alikuwa mwanamke mjane. Jina lake la utoto lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipomzaa mwanawe wa kwanza, Katilili, akaitwa kwa desturi ya Kigiriama Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Yasimuliwa kwamba alipokuwa msichana alimwona ndugu yake Mwarandu akichukuliwa na wakamata watumwa, asirudi tena, na kwamba jambo hilo halikumtoka moyoni. Katika Wagiriama mambo ya nchi yalikuwa ya wazee wa kaya, na si kawaida mwanamke kuhutubia watu. Mekatilili alianza na kile ambacho wanawake walikuwa nacho, ngoma ya kifudu ya maombolezo. Alikwenda kijiji kwa kijiji akicheza, watu wakimfuata, na mkutano ulipokuwa mkubwa alisema nao habari za vijana wao kuchukuliwa.

Wazee husimulia kisa kimoja ambacho kila mtoto wa Kigiriama hukijua. Katika baraza la Champion, Mekatilili alileta kuku mwenye vifaranga, akamwambia Bwana yule achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku mama akamdonoa. Mama akamwambia: hivyo ndivyo itakavyokuwa ukijaribu kumchukua mmoja wa wana wetu. Kisa hiki hakimo katika taarifa za serikali, lakini kimedumu zaidi ya taarifa zenyewe.

Katika mwaka 1913 alikutanisha watu wengi huko Kaya Fungo pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Wakala viapo viwili, cha wanaume kiitwacho fisi na cha wanawake kiitwacho mukushekushe, kwamba hakuna atakayelipa kodi, kutoa kibarua, wala kuwatii wazee waliowekwa na serikali. Viapo hivyo vilikuwa vikali, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko hofu ya askari. Mara kodi ikakoma, na wazee wa serikali wakabaki hawana wa kuwaamuru.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano ugenini, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Serikali ilidhani jambo limekwisha. Lakini tarehe 14 Januari 1914 wote wawili walitoroka wakashika njia ya nyumbani kwa miguu. Kutoka Kisii mpaka nchi ya Wagiriama ni kadiri ya maili mia nne hata kwa ndege arukaye moja kwa moja, sembuse kwa mguu wa mtu mzima apitaye katika nchi za makabila asiyojua lugha zao, na simba wa nyika ya Tsavo njiani. Walifika.

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia katika vita na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti na miti yake ikachomwa. Kaya kwa Wamijikenda ndipo mahali pa makaburi na sala. Kuilipua kulikuwa kuwaambia watu kwamba hawana tena kitovu. Mapigano yakafuata pande zote mbili za Sabaki. Askari wa Keya walikuwa na bunduki, Wagiriama walikuwa na pinde. Watu wapatao 150 wa Kigiriama waliuawa, nyumba nyingi zikateketezwa, mbuzi wakachukuliwa. Masharti ya kusalimu yalikuwa faini ya rupia 100,000, watu 1,000 wa kazi ya upagazi katika vita, na kuhama ng'ambo ya Sabaki. Mekatilili na Wanje walikuwa wamekwisha kukamatwa tena mwezi wa Agosti, safari hii wakapelekwa Kismayu.

Walioamrishwa kuhama waliiacha mimea shambani. Njaa ikaingia, na wafanyabiashara wa Malindi, waliokuwa wakinunua nafaka ya ng'ambo, nao wakaona hasara. Baada ya uchunguzi na miaka michache, serikali ililegeza amri na Wagiriama wakarudi kaskazini ya mto. Yaani lile ambalo Mekatilili alilitaka, nchi ya ng'ambo, lilipatikana ingawa kwa gharama kubwa. Mwaka 1919 yeye na Wanje waliachiliwa wakarudi. Mzee akakaa katika baraza la wanaume wa kaya na mama katika lile la wanawake. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, katika nchi ya Magarini.

Roketi za Ngomeni

Habari za pwani hii hazikuishia katika vita ile. Katika miaka ya 1930 zilijengwa hoteli za kwanza ufukweni Malindi, na Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuja kuvua samaki mwaka 1934. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Australia, ilianzisha mpango mkubwa wa kuwagawia watu mashamba Magarini. Visima vilivyochimbwa vilitoa maji haba au ya chumvi, na mpango haukutimiza yaliyotumainiwa.

Jambo lililofanikiwa zaidi lilikuwa Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Mambrui. Profesa Luigi Broglio wa Italia alitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia roketi. Sababu yake ni nyepesi kufahamika: dunia hujizungusha, na mahali palipo karibu na ikweta huenda mbio zaidi, basi roketi irushwayo hapo hupata msukumo wa bure. Majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, yalisimamishwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kupima miali ya eksirei itokayo mbinguni. Bibi Marjorie Townsend, aliyesimamia kazi hiyo, aliipa jina Uhuru kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao. Kwa setilaiti hiyo viligunduliwa vyanzo 339 vya miali ile, na habari zake zilisaidia wataalamu kuamini kwamba nyota zilizojikunja hata zikameza mwanga wake ziko kweli. Roketi ya mwisho iliondoka Ngomeni mwaka 1988. Kituo sasa kinaitwa kwa jina la Broglio.

Katika mji wa Malindi, bustani iliyo mjini ilipewa jina la Mekatilili wa Menza na sanamu yake ikasimamishwa humo mwaka 2010. Anayetaka kufika kaburini hana budi kuvuka daraja la Sabaki, kuiacha barabara ya Lamu na kushika njia ya bara ipitayo Marafa, katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo, mpaka misitu ya Dakatcha. Kila mwaka wazee, wanawake na vijana wa Kigiriama huifuata njia hiyo mpaka Bungale, na ngoma ya kifudu huchezwa hapo.